Miguu Miwili ya Kushoto

Kilua aliliiba jiwe Maweni,
akalifunga kwenye koti la kazi kama mtoto mgonjwa,
akalileta Ngamiani kwa baiskeli.
“Lilikuwa linakwenda kwenye kinu,” alisema.
“Wiki ijayo saruji. Mwezi ujao choo cha mtu.”
Nyusi zake nyeupe kwa vumbi.
Mimi vidole vyekundu: siku hiyo naandika BUCHA
na kichwa cha ng’ombe anayecheka, sijui anacheka nini.

Picha niliipata kwa muuza karanga,
anachana kitabu kutengeneza vifuko.
Nikaokoa kurasa nne.
Kwenye moja, mwanamke wa Misri ya kale,
kachongwa kwenye jiwe la chokaa, ndugu wa hili letu,
kainua ua hadi puani.
Uso wake wa ubavuni, jicho lake la mbele,
mabega yametukabili, nyonga imegeuka:
hakuna kiungo kilichojificha nyuma ya kingine.
Mbele yake mikate, bata, vitunguu,
vimerundikwa mpaka juu
asije akalala njaa huko alikokwenda.
Na buluu bado imo shingoni,
miaka maelfu, imeng’ang’ania kama kupe.

Nikasema: na mama naye.

Mwanahija binti Semboja,
muuza machungwa ya Muheza pale stendi,
aliyemenya bila kukata ganda,
utepe mmoja mpaka kwenye kanga, mpaka chini.

Nilichora kwa udongo mwekundu wa Pongwe.
Kilua akanisahihisha kwa mkaa: pua si hiyo.
Nikatengeneza patasi kwa springi ya lori,
nikaushusha uwanja wote unene wa sarafu,
mama akabaki juu, taratibu,
kama mtu anayetoka kuoga.
Masizi ya sufuria kwa nywele.
Buluu ya kufulia kwa kanga.
Manjano ya jikoni kwa machungwa, ishirini na moja,
yote nikayashika kwa utomvu wa mkorosho.

Sasa miguu.
Mafundi wale hawakubishana na kulia wala kushoto:
mtu akitazama kulia, miguu yote miwili
huonyesha dole gumba, upinde wa wayo,
miguu miwili ya kushoto.
Nami nikafuata. Mkono ulifuata kabla yangu.

Mama mguu wake wa kushoto ulikuwa mzima.
Wa kulia ndio ulikuwa na matende,
mzito kama gunia la chumvi lililolowa,
ndala imekatwa mbele, imefungwa kwa utambi.
Na sasa hapa, juu ya jiwe la wizi,
anasimama kwa vifundo viwili vyembamba.
Nilikaa chini nikalia kwa furaha, nisiseme uongo.

Kilua akarudi zamu ya usiku.
Akaangalia mpaka chai ikapoa.
“Nani huyu?”
“Mama.”
“Mama tulimsikia kabla hatujamwona.”
Akaenda kulala na viatu.

Jiwe haliongezwi nyama. Ukishakata umekata.
Nikachukua brashi, ile ya BUCHA,
nikakoroga udongo na chokaa mpaka rangi ya ngozi yake,
nikaupaka mguu wa kulia
nje ya mstari, nje kabisa,
rangi ikaumuka kwenye uwanja mtupu
mpaka ikafika alipofika mwenyewe.

Hewa ya hapa ina chumvi. Manjano yatapauka kwanza,
kisha kanga, kisha uvimbe.
Atakayemfukua baadaye
atamkuta mrembo wa vifundo vyembamba
na hatajua kitu. Simlaumu.

Sisi bado tupo, na rangi haijakauka.
Asubuhi Kilua alipita nayo bakuli la uji,
akachutama, akahesabu machungwa kwa kidole,
akasema moja limeoza, mama asingelipanga mbele.